Baiskeli isiyo na pedali: namna ya kumchagulia mtoto mdogo, kwa mzazi wa Malindi

Nguo ya Idi ya mtoto tunainunua kubwa kidogo, tunakunja pindo, na mwaka wa pili pindo linafumuliwa. Ukifanya hivyo kwenye baiskeli yake ya kwanza, umenunua pambo la ukumbini. Mtoto wa miaka miwili ambaye nyayo zake hazifiki chini haendeshi. Analia ashushwe, na baiskeli inaegemezwa ukutani kungojea miguu irefuke. Ikirefuka, kutu imeshatangulia.

Mwongozo huu ni wa zile baiskeli ndogo zisizo na pedali wala mnyororo. Mtoto anakalia kiti, anajisukuma kwa nyayo zake mwenyewe, na siku moja anainua miguu na baiskeli inamchukua. Zinamfaa mtoto aliyekwisha kuimarika kutembea, yaani kama mwaka mmoja na nusu, hadi miaka minne au mitano. Ukikumbuka jambo moja tu katika yote nitakayosema, liwe hili: nunua kwa miguu aliyonayo leo.

Kwa nini bila pedali

Kupiga pedali si kazi ngumu. Kazi ni kukaa bila kuanguka. Baiskeli ikianza kulalia kushoto, mwendeshaji hugeuza usukani kidogo kushoto, na magurudumu yanarudi chini ya mwili wake. Tunafanya hivyo wakati wote tukiwa barabarani wala hatufikiri, na njia ya kujifunza ni kufanya hivyohivyo. Vigurudumu vya pembeni vinamnyima mtoto nafasi hiyo. Baiskeli haiwezi kulala, kwenye kona mwili unatupwa nje badala ya kuingia ndani, na siku vigurudumu vinapofunguliwa mtoto mkubwa mzima anaanza alifu.

Wala si mtindo wa juzi. Chombo alichokiendesha Mjerumani Karl von Drais mjini Mannheim mwaka 1817, ambacho baiskeli zetu zote zimetokana nacho, kilikuwa cha mbao, chenye magurudumu mawili, na mwenyewe alikisukuma kwa miguu. Pedali zilifuata miaka ya 1860 huko Ufaransa. Watu wazima walitangulia kujua kukaa sawa, wakaongezewa pedali baadaye, na mtoto naye apitishwe njia hiyo.

1. Pima miguu, usiulize umri

Mvue mtoto viatu, na nepi kama bado anavaa. Msimamishe mgongo ukutani, visigino vikigusa ukuta. Chukua kitabu chembamba chenye jalada gumu, kipitishe katikati ya mapaja, ukipandishe taratibu mpaka kifike pale kiti kitakapomgusa. Tia alama ya penseli ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, mwache aende zake, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Rudia mara mbili, maana watoto wa umri huo hawasimami wima kwa kuombwa.

Wengi wa miaka miwili huangukia kati ya sentimita 30 na 36, lakini usitegemee wengi, pima wako. Katika kipimo ulichopata toa sentimita 2 au 3. Kinachobaki ndicho kimo cha kiti anachohitaji leo: nyayo zimelala bapa chini na magoti yamekunjika kidogo. Akisimama kwa ncha za vidole hana nguvu ya kusukuma, na zaidi ya hapo hana breki, kwa sababu breki yake ni nyayo.

Tuseme umepata 33. Kiti kinatakiwa kiwe 30 au 31. Basi baiskeli unayoitafuta ni ile ambayo kiti chake, kikishushwa mpaka mwisho, kinafika 30 au chini zaidi. Kama mwisho wake ni 35, haimfai, hata kama boksi limeandikwa "miaka 2 na kuendelea". Maandishi ya umri kwenye boksi yanampendeza muuzaji. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupitana sentimita tano za miguu.

Baada ya kimo cha chini, tazama kiti kinapanda mpaka wapi. Katika umri huu miguu huongezeka kama sentimita 3 hadi 5 kwa mwaka, kwa hiyo baiskeli ambayo kiti chake kinapanda sentimita 10 kutoka kimo cha chini itamtumikia karibu miaka miwili. Hapo ndipo haja yako ya "atakua nayo" inapopata jibu lake: tafuta kiti kinachopanda sana, lakini kianzie chini.

2. Uzito

Kipimo wanachotumia wanaozijua baiskeli za watoto ni kwamba baiskeli isizidi asilimia 30 ya uzito wa mtoto. Uzito wa mtoto unao tayari kwenye kijitabu cha kliniki, au mpeleke akapimwe upya. Mtoto wa kilo 12 anahitaji baiskeli ya kilo 3.6 au pungufu. Nyingi nzuri za magurudumu ya inchi 12 zina kilo 3 hadi 4. Linganisha na baiskeli ndogo ya kawaida yenye pedali, ambayo mara nyingi hupita kilo 6: hiyo ni nusu ya mtoto mwenyewe. Ikimwangukia hawezi kuiinua, na baada ya kuangukiwa mara mbili haitaki tena.

Kama muuzaji hajui uzito, usikubali aiinue kwa kidole na kukwambia "nyepesi hii, mama". Mizani ya kuning'iniza wanayotumia wachuuzi wa samaki inapima baiskeli vizuri sana. Ndoana yake ipitishe chini ya fremu. Au panda mizani ya nyumbani wewe peke yako, kisha upande umeibeba, utoe.

Kuna na upande wako. Baiskeli hii utaibeba wewe. Mtoto anachoka katikati ya safari, anataka kubebwa, na sasa una mtoto mkono mmoja na baiskeli mkono wa pili, tuktuk zinapita. Kilo mbili za ziada utazijua hapo. Wenzetu wa Lamu, wenye vichochoro vya ngazi na punda wanaopishana na watu, wanalihitaji hili kuliko sisi.

3. Tairi, na ardhi ya kwetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri ulioandikwa kwa miji ya Ulaya hautufai wote. Wao wanafikiria njia ya lami iliyofagiwa. Sisi tuna mchanga laini kwenye mitaa ya ndani ya Muyeye na Maweni, kokoto za matumbawe, kabro mbele ya maduka, sakafu ya saruji uani, na ufuo.

Tairi ni za aina tatu.

Za kwanza ni plastiki ngumu. Ziache. Zinateleza kwenye saruji, zinapiga kelele, kila kijiwe kinapanda hadi mikononi mwa mtoto, na zinaliwa haraka kwenye ardhi ya kokoto.

Za pili ni za sponji ngumu, ile inayotengenezewa soli za champali. Hazina upepo, hivyo hazipati pancha kamwe, na ni nyepesi mno. Ndizo utakazoziona kwenye baiskeli nyingi nyepesi, zikiwemo zile za Strider, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2007 na ambayo mifano yake imeigwa kila mahali. Ubaya wake ni kwamba hazinepi. Kwenye kokoto zinarukaruka, na kwenye vigae au saruji iliyomwagika maji zinateleza. Kwenye mchanga laini huzama kama ni nyembamba.

Za tatu ni za mpira na tyubu, kama baiskeli ya mtu mzima. Zinashika ardhi, zinameza mitikisiko, na kwenye mchanga zinakwenda vizuri ukizipunguza upepo. Lakini zinaongeza uzito, na zina adui hapa petu: mbigili. Ile miba midogo yenye pembe inayotambaa kwenye viwanja vikavu inatoboa tyubu ya mtoto sawasawa na ya bodaboda. Ongeza na miiba ya mkunazi.

Uamuzi wangu ni huu. Mtoto atakayeendeshea uani, barazani na kwenye kabro, chini ya miaka mitatu: sponji, bila kusita, wepesi ni muhimu kuliko ulaini. Mtoto wa miaka mitatu kwenda mbele, mwenye nguvu, anayekaa kwenye mtaa wa mchanga au kokoto: mpira na tyubu, na ukubali pancha kama sehemu ya maisha. Ukichagua za tyubu, soma ubavuni mwa tairi. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi ni 12½ × 2¼, na fundi yeyote wa baiskeli anaweza kukuagizia. Kipimo cha ajabu ajabu kitakutesa ukitafuta tyubu.

Tazama pia valvu. Iwe nene kama ya gari, na afadhali iwe imepinda, kwa sababu gurudumu ni dogo na kichwa cha pampu hakipati nafasi kati ya spoki. Na mashine ya upepo ya kituo cha mafuta usiiguse kwa pupa: tyubu ya inchi 12 inajaa kwa sekunde chache na kupasuka. Pampu ya mkono inatosha. Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na mtoto mwepesi anahitaji kama nusu yake tu.

4. Sehemu nyingine, kwa ufupi

Breki ya mkono. Mtoto chini ya miaka mitatu hana nguvu ya vidole wala akili ya kuikumbuka, atatumia miguu. Kuanzia miaka mitatu na nusu hivi inaanza kuwa na maana, hasa kama kwenu kuna mteremko. Ikiwepo iwe ya gurudumu la nyuma, na mkono wake uwe karibu na usukani kiasi cha kufikiwa na vidole vifupi. Malindi ni tambarare, sidhani uilipie zaidi. Kwa Lamu, ambako mtoto ataendeshea kando ya bahari huku ukingo wa gati uko hatua chache, ningeitaka.

Mipira ya kushikia. Iwe na kitako kinene mwishoni, kinachofunika kabisa bomba la usukani. Mtoto akiangukia bomba lililo wazi, linaweza kumuumiza tumbo vibaya mno hata kama nje ni mchubuko tu. Kwenye baiskeli ya mitumba hili ni la kwanza kuangalia, na mipira mipya ni rahisi kununua.

Nati za ekseli. Ziwe zimefunikwa kwa kofia za plastiki au ziwe za mviringo, maana zinapita karibu na vifundo vya miguu kila hatua.

Mahali pa kuweka miguu. Wauzaji wanapenda kulisifu. Likiwa limetokeza pembeni, linamgonga mtoto mashavu ya miguu anapojisukuma. Likiwa jembamba chini ya fremu halina dhara. Mtoto ataning'iniza miguu yake popote.

Kizuizi cha usukani, kile kinachozuia usukani kuzunguka mpaka nyuma, mimi nakiona cha hiari.

Kiti. Kiwe chembamba mbele ili mapaja yapite, na kiinuke kidogo nyuma ili asiteleze. Kiti kipana kama cha baiskeli ya mzee kinamfanya atembee kwa kutanua miguu.

5. Chumvi

Ukinunua baiskeli nzuri ukaiacha barazani Casuarina au Silversand, upepo wa bahari utaifanyia kazi usiku na mchana. Kaskazi ikivuma ni chumvi, kusi ikivuma ni chumvi na unyevu, na mvua za masika zinamalizia.

Fremu ya alumini haishiki kutu kama chuma, na ni nyepesi pia, kwa hiyo pesa ukiwa nazo zitie hapo. Ya chuma si haramu, ila rangi ikichubuka ipake siku ileile. Kuijua dukani ni rahisi: nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikinata kwenye fremu, ni chuma. Isiponata, mara nyingi ni alumini.

Bolti ndizo zinazoanza kuoza, na bomba la kiti ndilo linaloleta hasara kubwa. Bomba la chuma ndani ya fremu ya alumini, likipata chumvi, hushikana mpaka lisitoke, na kiti kikigoma kupanda baiskeli imekwisha kazi yake hata kama iko mpya. Siku unapoinunua, chomoa bomba, lipake grisi, lirudishe. Kila miezi michache rudia. Grisi kiduchu na kwenye bolti zote unazofungua.

Akitoka ufuoni, baiskeli ioshwe siku hiyohiyo kwa maji baridi. Yawe ya mfereji au ya mvua. Maji ya kisima yaliyo na chumvi, kama yalivyo kwenye visima vingi vya pwani, hayasaidii kitu. Mwagia kwa kopo, usipige kwa mpira wa maji yenye nguvu kwenye katikati ya magurudumu, kwa sababu unaisukuma chumvi iingie kwenye beringi. Futa kwa tambara, ianike kivulini, tia tone la oili kwenye bolti.

6. Mpya, mitumba, au ya kutengenezwa

Dukani hapa mjini unaweza usiione unayoitaka, kwa kuwa wengi huleta za pedali zenye vigurudumu vya pembeni. Njia iliyobaki ni kuagiza Mombasa au mtandaoni. Usiagize kwa picha. Mtumie muuzaji ujumbe kama huu: "Habari yako. Naomba unipimie mambo matatu: kiti kikishushwa mpaka mwisho kina sentimita ngapi kutoka chini? Baiskeli ina kilo ngapi? Tairi ni za sponji au zina tyubu? Na naomba picha ya chini ya fremu." Anayejibu kwa vipimo ni wa kuzungumza naye. Anayejibu "iko sawa kwa miaka 2-6" mshukuru.

Mitumba ni chaguo zuri kuliko mpya ya bei ya chini. Baiskeli hizi watoto huziacha haraka kabla hazijachoka. Angalia nyufa kwenye maungio ya fremu, hasa pale bomba la usukani linapoingia. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ndiyo dalili. Beringi na tairi zinabadilishwa. Fremu iliyopasuka na kuchomelewa iache hapohapo.

Njia ya tatu ni kuitoa pedali baiskeli ya inchi 12 iliyopo nyumbani, na inafanya kazi ikiwa mtoto ni mkubwa kidogo, miaka mitatu na nusu au zaidi, kwa sababu ya ule uzito. Spana ya 15 mara nyingi inatosha. Pedali ya kulia inafunguliwa kama nati yoyote, kinyume cha saa. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inafunguliwa kwa kufuata saa. Asiyejua hili huilazimisha mpaka akaharibu nyuzi. Ziandike K (kulia) na S (shoto) kwa kalamu kabla ya kuziweka, utazihitaji tena. Pedali zikitoka, mikono yake inabaki ikimgonga mtoto miguuni, hivyo ni bora fundi aitoe yote pamoja na mnyororo, kisha azibe tundu ili mchanga usiingie. Halafu pima kiti upya: nyingi hazishuki vya kutosha, na ikiwa ndivyo umejisumbua bure.

Njia ya nne ni seremala, na Malindi haina upungufu wa maseremala. Baiskeli ya mbao ni chombo halali kabisa. Mweleze atumie plaiwudi ya baharini, asitumie mbao za mvule nene zitakazoipa uzito wa jahazi. Kiti kiwe na matundu matatu au manne ya kukipandisha, cha chini kikianzia kwenye kipimo chako. Pa kuangalia sana ni maungio ya usukani: bolti ipite kote, na nati iwe ile ya kujifunga yenye plastiki ndani, kwa maana nati ya kawaida inalegea kwa mtikisiko. Kingo zote zipigwe msasa mpaka zisimchome mtoto, kisha vanishi mikono mitatu, na chini ya fremu pia, ambako maseremala hupaacha.

7. Ukaguzi kabla ya kulipa

Mpeleke mtoto. Asipokuwepo, nenda na tepu.

Shusha kiti mpaka mwisho na upime mwenyewe hadi katikati ya kiti, ukikibonyeza kidogo. Angalia mstari uliochorwa kwenye bomba la kiti: huo usitokeze nje hata siku kiti kitakapopandishwa juu kabisa. Inua kila gurudumu na ulizungushe. Lizunguke kwa muda bila kuyumba wala kunguruma. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti, ushike usukani na ujaribu kuugeuza. Ukigeuka peke yake bila gurudumu, bolti haijakaza, au imeliwa. Vuta na sukuma foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo kwenye shingo ya fremu, beringi za hapo zimelegea. Pitisha kidole kila mahali mtoto atakapogusa, utafute ncha.

Kisha mkalishe. Usimwambie afanye nini. Mtoto ambaye baiskeli inamtosha atatembea nayo hatua mbili tatu mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

8. Helmeti na viatu

Helmeti inunuliwe siku ileile, ili aijue kama sehemu ya baiskeli. Pima mzunguko wa kichwa kwa tepu, juu kidogo ya nyusi. Wengi wa umri huu wako kati ya sentimita 46 na 52. Ivae ikiwa imelala sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na si kusukumwa nyuma kama kofia ya viua. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu kiingie kidole kimoja au viwili. Atikise kichwa: isicheze. Ndani yake tafuta kibandiko cha EN 1078, EN 1080 au CPSC, alama za viwango vya usalama vya Ulaya na Marekani. Ikipata kishindo kikubwa inabadilishwa, hata kama haina ufa unaoonekana, na ndiyo sababu ya mitumba siipendi. Akienda kupanda mti au bembea, avuliwe, kwani mikanda inaweza kunasa na kumkaba.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Champali zinatoka, na nyayo ndizo breki. Siku ya Idi, kanzu ikunjwe na kufungwa kiunoni kabla hajapanda. Hakuna mnyororo wa kuinasa, lakini gurudumu la nyuma lipo.

9. Wiki za kwanza

Mahali kwanza. Uani kwenye saruji ndipo pazuri pa kuanzia, au uwanja wa shule mwishoni mwa wiki kwa idhini ya mwenye uwanja. Buntwani kando ya bahari kuna nafasi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Barabara ya Lamu na mitaa ya tuktuk si mahali pake hata kama wewe upo pembeni, kwa sababu mtoto huyu ni mfupi na dereva hamwoni. Ufuoni, siku za bamvua maji yakitoka, mchanga ulioloa huwa mpana na mgumu, na kuanguka hapo hakuumi. Chumvi tumeshaizungumza. Wakati mzuri ni asubuhi, au baada ya alasiri jua likipunguza makali.

Anapoanza, atatembea akiwa amesimama, kiti kikimgusa tu. Mwache. Baadaye atakaa na kutembea, kisha hatua zitarefuka, kisha atakimbia akiwa amekaa, kisha ataanza kuinua miguu kwa muda mfupi. Wengine wanavuka hatua hizi kwa siku chache, wengine kwa miezi. Robo saa kwa wakati inatosha. Akitaka kushuka, mshushe.

Usishike usukani. Hilo ndilo kosa la akina baba, pamoja na kumsukuma mgongoni ili "ashike kasi". Ukishika usukani, mizani ni yako. Ukilazimika kumsaidia, mshike kwapani, naye aongoze mwenyewe. Mwambie atazame mbele, pale anapotaka kwenda, maana baiskeli hufuata macho. Bibi akisema mtoto ataumia, mpeni kiti kivulini atazame.

Akishaanza kuinua miguu, mtafutie mteremko mdogo sana unaoishia mahali tambarare na wazi, pasipo mtaro wala ukuta. Hapo atajifunza kukaa sawa haraka kuliko mahali popote. Hakikisha tu amejua kusimama kwa nyayo kabla ya kumpeleka.

Kila mwezi pima miguu tena na upandishe kiti. Magoti yakianza kukunjika kama ya chura, umechelewa.

10. Lini pedali

Akiweza kuteleza mita kumi au zaidi miguu juu, na kukata kona bila kuigusa ardhi, yuko tayari, hata kama ana miaka mitatu na nusu. Baiskeli ya pedali ya inchi 12 iruke. Itamfaa miezi tu. Nenda inchi 14 au 16, bila vigurudumu vya pembeni. Muuzaji akikwambia vimo ndani ya bei, vichukue na uviache kwenye boksi.

Kiti kishushwe tena mpaka nyayo zifike chini bapa, kama mwanzo. Mwache siku ya kwanza aisukume kwa miguu bila kukanyaga pedali, aujue uzito wake. Kisha weka pedali moja mbele, juu kidogo, aikanyage kwa nguvu mguu mmoja ili aondoke. Baadhi ya baiskeli za saizi hii zinasimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, jambo ambalo hajawahi kulijua, kwa hiyo mfundishe breki hiyo akiwa bado anatembea polepole, kabla hajagundua kasi.